Mashtaka 285, hatia moja: kesi ya Ghailani na mizani ya mahakama za Marekani

Tarehe 17 Novemba 2010, raia 12 wa New York waliounda jopo la mahakama, ambao majina yao hayakutangazwa, walimwona Ahmed Khalfan Ghailani, kijana wa Zanzibar, hana hatia katika mashtaka 284 kati ya 285. Yote yalihusu mabomu ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, kumi na mmoja kati yao Dar. Mauaji peke yake yalikuwa mashtaka 224, moja kwa kila marehemu, na yote yakaanguka. Likabaki moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani kwa milipuko. Miezi miwili baadaye, kwa kosa hilo hilo moja, akafungwa maisha.

Hesabu hiyo huzungumzwa kwetu kama kichekesho: mtu kashinda 284 kwa 1, kisha kapigwa maisha. Ila ukiifuata taratibu, ni darasa zuri la jinsi Wamarekani wanavyoamua kesi, pamoja na mahali wanapojikwaa.

Kila jimbo kati ya 50 lina mahakama zake, na huko ndiko kesi nyingi huishia: wizi, talaka, mikataba, hata mauaji ya kawaida. Serikali ya shirikisho nayo ina zake, kwa makosa dhidi ya sheria zake yenyewe, na kulipua ubalozi ni mojawapo. Waendesha mashtaka wa shirikisho mjini New York walikuwa wameshafungua mashtaka ya mabomu hayo tangu 1998, na mwaka 2001 Mzanzibari mwingine, Khalfan Khamis Mohamed, alihukumiwa hapo hapo. Mahakama hizo za mwanzo za shirikisho, 94 nchi nzima, ukizitafsiri neno kwa neno ni “mahakama za wilaya”, na Mtanzania atawaza hakimu na jengo dogo karibu na stendi. Sivyo. Jaji wake huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini maisha yake yote akitaka. Juu yake zipo mahakama 13 za rufaa, kisha Mahakama ya Juu yenye majaji tisa.

Lakini jaji huyo mwenye kiti cha maisha hasemi kama mshtakiwa ana hatia. Kesi ya jinai ikifika mwisho, neno hilo ni la jopo la raia. Tusiwachanganye na wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania, ambao hutoa maoni yasiyomfunga jaji. Jopo la Marekani linamfunga. Lazima wote 12 wakubaliane, shtaka kwa shtaka, pasipo shaka ya maana. Wakisema hana hatia, serikali haina pa kukata rufaa. Wala hawatoi sababu. Jaji wetu asipoandika sababu za hukumu, rufaa itaivunja; wao hutamka neno wakarudi nyumbani.

Kabla ya jopo hilo kuketi, upande wa mashtaka ulikuwa umeshapoteza shahidi wake mkubwa. Ni Mtanzania ambaye angesema alimuuzia Ghailani baruti aina ya TNT. Serikali ilimpata kutokana na maneno ya Ghailani mwenyewe alipokuwa mikononi mwa shirika la ujasusi, CIA, baada ya kukamatwa Pakistan 2004, na katika hatua hiyo ya kesi serikali haikubisha kwamba maneno hayo yalitolewa kwa kushurutishwa. Jaji Lewis Kaplan akamzuia shahidi asipande kizimbani. Serikali haikukata rufaa.

Matokeo yalipotoka, baadhi ya wabunge wa Republican walilalamika kwamba mahakama ya kiraia imeshindwa, na kwamba watu wa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba, wapelekwe tume za kijeshi, yaani mahakama za wanajeshi. Hoja yao siidharau. Mtu aliyefiwa Dar ana haki ya kuuliza kwa nini jopo halikusikia kila alichokijua shahidi. Wa upande wa pili wakajibu kuwa mahakama inayoweza kuiambia serikali hapana, tena kwenye kesi ya ugaidi, mjini New York, ndiyo mahakama yenyewe. Mimi nipo karibu zaidi na hawa. Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya 11 Septemba, alifikishwa Guantanamo mwezi mmoja na Ghailani, Septemba 2006, akabaki kwenye tume za kijeshi. Hadi katikati ya 2025 kesi yake ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Anayetafuta ukali na uhakika huko, sijui anauona wapi.

Hata hivyo, wanaosifu uhuru wa mahakama hiyo huruka jambo moja. Katika uamuzi ule ule wa kumzuia shahidi, Jaji Kaplan alieleza kwamba hata Ghailani akiachiwa na jopo, huenda serikali ingeweza kuendelea kumshikilia kama adui wa vita hadi uhasama uishe. Yaani mlango wa kutokea ulikuwa umechorwa ukutani.

Kisha ikaja adhabu. Jopo hutamka hatia. Kiasi cha kifungo, nje ya kesi za adhabu ya kifo, ni cha jaji. Mawakili walikuwa wamejenga utetezi kwamba Ghailani, wa miaka 24 hivi wakati ule, alikuwa mtoto wa kutumwa, akinunua gari na mitungi ya gesi bila kujua ya nini. Kaplan hakukubali, akatoa adhabu ya juu kabisa. Akasema pia kuwa lolote alilotendewa na CIA ni dogo mbele ya mateso ya waathirika. Mwaka 2013 majaji watatu wa rufaa waliiacha hukumu kama ilivyo.

Je, zile “hapana” 284 zilikuwa za nini? Tangu 1997 Mahakama ya Juu iliruhusu jaji, anapopanga adhabu, kuyapima hata mambo ambayo jopo limemwondolea mshtakiwa, mradi aone yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Hapo ndipo naona ufa wa mfumo huu, zaidi ya kule kumzuia shahidi. Novemba 2024 mwongozo wa adhabu za shirikisho ulibadilishwa ili mambo ya namna hiyo yasihesabiwe tena, isipokuwa yale yanayothibitisha pia kosa alilopatikana nalo.

Kwa Ghailani nadhani mabadiliko hayo yasingefua dafu. Jopo, pamoja na kumwondolea mauaji yote, lilijibu swali moja la ziada: je, matendo yake katika njama ile yalisababisha kifo? Likasema ndiyo. Jibu hilo ndilo lililoiweka adhabu kati ya miaka 20 na maisha. Yalisababisha kifo, lakini hakuua: watu 12 walifikaje hapo, hawakutakiwa kueleza.