Alizeti Zangu Zimeshitakiwa kwa Kuchungulia

Tumefika mahali ambapo mtu mzima hapa Lamu, anayelipa bili ya maji hata kwa mwezi ambao bomba lilikoroma tu, hawezi kupanda maua marefu ndani ya ukuta wake mwenyewe bila kuitwa barazani kujieleza. Nilikuwa nimestahamili mengi kuhusu alizeti zangu, lakini ujumbe ulioletwa jana baada ya alasiri, wa kwamba nizifunike leso vichwani au nizikate kabla ya Ijumaa, umenimalizia stahamala yote niliyokuwa nayo.

Naomba nieleweke kwamba sizungumzii alizeti ya mafuta, ile inayopandwa, ikakomaa kwa miezi mitatu au minne, ikatoa kichwa kimoja kikubwa cha mbegu na kufa bila kumsumbua mtu. Mimi nilitaka ya kudumu, ya kupandwa mara moja ikakaa, kwa sababu umri wangu hauniruhusu kuinama kila msimu. Rafiki yangu anayefanya kazi bara akaniletea vipande vya shina vya alizeti pori, mmea wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambao wakulima wa magharibi mwa Kenya huupanda kuwa ua wa shamba na hukata majani yake kuwa mbolea. Vipande hivyo vilisafiri kwa basi hadi Mokowe ndani ya gunia lililoloweshwa, na pale gatini mwenye boti akavitoza nauli ya abiria kamili, kwa hoja kwamba gunia limekaa kwenye kiti.

Kuota havikuhitaji kubembelezwa. Unachomeka kipande ardhini, unakipa maji, nacho kinajifanya mwenyeji, na baada ya muda kinakuzidi kimo na kuendelea hadi mita 2 au 3 bila kukuuliza. Shida ilikuja na kusi. Mashina ya alizeti pori yana moyo laini ndani, na upepo ulipochacha yakaanza kulala, ikabidi nitafute miti ya kuyaegemeza. Nilikwenda kununua fito, nikaonyeshwa pau zilizo nene zaidi, nikashawishiwa kuchukua mazio yaliyozidi hata hizo, na hesabu ilipopigwa nikakuta nimelipa bei ya boriti. Punda mmoja wa kubeba mawe, aliyekuta mlango wangu umeachwa wazi, aliingia akaonja jani, akalitema kwa uchungu wake, kisha akaonja mche wa pili ili kuthibitisha, na wa tatu ili asimwonee yeyote.

Hayo yote niliyanyamazia. Ninalolisimulia sasa ni la bibi wa nyumba ya nyuma, mwanamke ninayemheshimu sana, ambaye alianza kwa kumtuma mjukuu wake kuniuliza kama hayo maua ni yangu, swali ambalo jibu lake lilikuwa limesimama juu ya ukuta kwa kila mwenye macho. Nilipojibu kuwa ni yangu, akaja mwenyewe, buibui limekazwa, na mjukuu nyuma yake kuwa shahidi.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Mimi nimeishi katika nyumba ile tangu nilipoolewa, na hakuna jicho la mtu wa nje lililopata kuniona uwani kwangu nikiwa kichwa wazi. Sasa kila nikitoka kuanika nguo, nakuta nyuso za manjano zimejipanga juu ya ukuta zinanitazama. Hii ni haki?”

Nilimweleza kwa upole kwamba maua hayana macho. Akasema mbona watu wote wanajua kuwa alizeti hulitazama jua, na kitu kinachotazama kinatazama kwa nini kama si kwa macho? Hapo nikajaribu elimu. Nikamwambia kwamba alizeti ya mafuta, ikiwa changa, ndiyo inayogeuka kulifuata jua kutwa, na ikikomaa hutulia imeelekea mashariki. Na kwa kuwa nyumba yake iko magharibi yangu, alizeti hiyo ikishakomaa ingempa kisogo hadi kufa kwake.

“Na hizi zako?” akauliza.

Mwislamu hasemi uongo mbele ya mtu mzima. Nikamwambia kwamba hizi zangu zina matawi mengi, kila tawi na vichwa vyake, na kila kichwa huelekea kinakopenda.

“Alhamdulillahi,” akamwambia mjukuu wake, “umesikia amekiri.”

Kesi ikapelekwa kwa mzee anayekaa daka la nyumba ya pembeni, ambaye hukata mashauri yote ya mtaa wetu kuanzia mirathi hadi bao. Mzee alisikiliza pande zote mbili, akanywa kahawa yake, akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo kwa mtazamo wa sheria lilikuwa na akili sana: hayo maua ni ya kike au ya kiume? Kwa maana yakiwa ya kike, bibi hana neno, na sote twende tukaswali.

Nilipaswa kusema ni ya kike na kuondoka. Lakini mimi ni mtu ninayependa jambo lielezwe likaelezeka, nikaanza kufafanua kwamba kile tunachokiita ua moja la alizeti kwa kweli ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyobanana katika kichwa kimoja; kwamba yale ya pembeni, yanayoonekana kuwa petali za manjano, si ya kike wala ya kiume, ni tasa, kazi yake ni pambo la kuita nyuki; na kwamba yale ya katikati, madogo kabisa, kila moja lina uke na ume ndani yake kwa wakati mmoja.

Baraza likanyamaza. Kikombe kikashushwa. Kijana mmoja aliyekuwa akipita na simu akasimama asikie zaidi. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena na kunitazama.

“Bwana,” akasema, “sisi tumekuita kwa habari ya kuchungulia. Hayo mengine usiyarudie mbele ya vijana.”

Mtu mmoja akapendekeza ukuta uinuliwe. Akakumbushwa kwamba mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kwamba kuongeza ukuta kuna taratibu zake na vibali vyake, ilhali kukata maua kunahitaji panga tu. Ikahukumiwa nizikate zilingane na ukuta, kimo cha adabu. Nikawaambia, na mashahidi wapo, kwamba alizeti pori ikikatwa haifi wala haitubu; pale penye shina moja lililokatwa yatatoka machipukizi kadhaa, kila moja na vichwa vyake. Wakasema ninatafuta visingizio. Nikazikata.

Sasa zimerudi. Palipokuwa na uso mmoja wa manjano pana ukoo mzima, umepita ukuta kwa kimo cha mtu, na ndiyo maana jana nimeletewa habari ya leso. Hebu niulize kwa heshima zote: leso ngapi? Leso huuzwa jozi, kila jozi ina jina lake, na jina hilo likisimama juu ya ukuta litasomwa na mtaa mzima kabla ya magharibi. Nikifunga lenye fumbo la jirani, nitaitwa tena kueleza nilikuwa nikimsuta nani. Nikifunga lenye dua, wataniuliza nimemwombea nani na kwa nini. Jamani, haya ni maua! Yanafunguka, yanaita nyuki, yananyauka, mengine yanafunguka, basi!

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba matawi yale yaliyokatwa kwa hukumu hayakuona jaa. Mjukuu aliyekuwa shahidi dhidi yangu ndiye aliyekuja na toroli kuyachukua, kwa sababu bibi amesikia kwamba katika kila kilo 100 za majani yake makavu kuna takriban kilo 3.5 za naitrojeni, akayafukia kwenye kitalu chake cha mchicha. Mchicha huo sasa umestawi vibaya sana. Umeegemea ukuta wangu kutoka upande wake, na mimi sijamshitaki mtu.

Leo asubuhi amekuja mwenye punda. Dawa hadai, kwa kuwa kituo cha punda kilichopo hapa mjini tangu mwaka 1987 hutibu bure; anachodai ni ujira wa siku ambayo punda wake alikataa kubeba mawe baada ya kula majani yangu. Nilimjibu kwamba majani hayo machungu watu wa bara huyachemsha kuwa dawa ya tumbo, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kunilipa mimi. Tulipokuwa tukibishana bei, punda mwenyewe alikuwa amekwisha kuingiza shingo mlangoni na anamaliza tawi jingine, na mwenye punda akasema hilo tusilihesabu.