Mji Hauna Magari, Draiva Atoke Wapi?

Yakhe, magari ya mji huu wa Lamu ni ya kuhesabu. Mzigo wabebwa na punda, na punda mwenyewe akiamua kusimama katikati ya ujia, nyote mwasimama. Lakini hebu kaa barazani na laptopu iliyowekwa Linux badala ya Windows, uone utakavyohangaika kutafuta draiva, ile programu ya kuendesha kifaa cha kompyuta!

Skrini yawaka, sauti yatoka, hata kamera yakuonyesha ulivyokunja uso. Waifai? Wapi! Si kwamba imekataa nywila. Haimo kwenye orodha, kana kwamba haijazaliwa. Hapo kila mpita njia fundi. Huyu: "Izime uiwashe." Yule: "Futa, uweke upya." Weka upya mara saba, utakosa mara saba, maana unachokitafuta hakimo kwenye hiyo fleshi ya kusakinishia.

Swali la kwanza hakuna anayeliuliza: chipu gani ya waifai? Jina lililo juu ya mfuniko halikwambii kitu. Laptopu mbili za jina moja huweza kuwa na kadi mbali mbali. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika lspci -nnk, teremka hadi penye "Network controller". Kuna namba mfano wa 14e4:4727. Ikianza 14e4, kampuni iliyoiunda ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec, Realtek. Chini yake tafuta "Kernel driver in use". Mstari huo usipokuwepo, kadi ipo ila haina wa kuiendesha. Ukiwepo na waifai bado huioni, andika sudo dmesg | grep firmware: utamkuta draiva alia kakosa faili lake (firmware, programu ya kutiwa ndani ya kadi yenyewe), nahodha kapanda chomboni tanga kaliwata nyumbani.

Faili hizo Debian, watoaji wa aina moja ya Linux, walikuwa wakizitenga kwa kuwa si huria. Toleo la 12, mwaka 2023, ndipo walipozitia kwenye fleshi ya kusakinishia. Alhamdulillahi. Lakini ile draiva ya Broadcom iitwayo wl bado ni ya kushusha mwenyewe. Kushusha kwa nini? Kwa intaneti! Ufunguo wa kasha umo ndani ya kasha.

Usikimbilie boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara, kwenda kutafuta kidude cha waifai cha USB. Chukua simu, ichomeke kwa waya (waya wa data, si ule usiojua ila kuchaji), kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, kwani draiva yake imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Kwa kadi ya Broadcom, ongeza neno non-free kwenye /etc/apt/sources.list, andika sudo apt update, halafu:

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Wengi hulisahau hilo la headers, faili za kerneli za kujengea draiva. Draiva hii haiji imepikwa, hujengwa papo hapo kwenye mashine yako. Bila headers umemwita fundi wa mashua, mbao hukumpa.

Wadhani umemaliza? Andika sudo modprobe wl, ujibiwe "Key was rejected by service". Ni Secure Boot huyo, kinga ya mashine, bawabu asiyemjua mgeni. Ama umzime kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka), ama umtambulishe mgeni: sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, tunga nywila, washa upya. Itatokea skrini ya buluu, nayo yakungoja sekunde 10 tu. Ukigeuka kumimina kahawa, imekupita, na kazi yaanza upya. Iwahi, chagua "Enroll MOK", tia nywila ileile.

Na aliyekwisha kununua kidude asijione mjanja. Baadhi yao hujitia sidi: chomeka, lsusb yaonyesha 0bda:1a2b, na ndani mna draiva za Windows. Weka usb-modeswitch, au bonyeza ile alama ya sidi uitoe, ndipo kivue kanzu kiwe waifai.

Haya, waifai hiyo imetokea. Ingia ndani sasa, kaa kitako, ikatike! Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima, nawe watumia 5 GHz. Rudi 2.4, yapenya kidogo. Ikishindwa nayo, beba mkeka uhamie dakani, pale mlangoni, na umwombe punda akupishe.