Bunduki ya kwanza ya kuwindia swala isiwe kubwa

Mtu wa Dar akianza kutamani kuwinda swala, swali lake la kwanza huwa ni bunduki ipi ina nguvu zaidi. Naona swali hilo linampoteza kabla hajatoka mjini. Swala pala dume ana kilo 60 hivi. Kinachomwangusha ni risasi iliyopita kwenye moyo au mapafu, nyuma kidogo ya bega, na hapo ndipo mwindaji mpya anaposhindwa.

Wengi hushauriwa kununua bunduki ya mtobo (upana wa ndani wa mtutu) wa .375 H&H, kwamba ndiyo bunduki ya Afrika. Ipo tangu 1912, na kwa nyati sina neno nayo. Lakini risasi yake ya kawaida ina gramu 19 hivi, wakati ya .243 Winchester ina gramu 6 na nusu. Tofauti hiyo inarudi begani kwako. Anayeanza akipigwa teke mara tatu nne, mwili wake unajifunza woga: anafumba macho, anavuta kifyatulio kwa pupa, mtutu unayumba kabla risasi haijatoka. Porini matokeo yake ni swala aliyepigwa tumboni, anayekimbia na jeraha akafie mbali, au fisi wamfikie akiwa bado hai. Jambo hili linaniuma kuliko yote katika uwindaji, na chanzo chake mara nyingi ni bunduki iliyomzidi mwenyewe.

Ningechagua .308 Winchester, ya bolti, yaani ile unayovuta komeo kwa mkono kila baada ya kufyatua. Inatosha kwa swala, ngiri, hata kongoni, na teke lake linavumilika. Mwenye mwili mdogo, au aliyekwisha kuingiwa na woga, achukue .243 bila aibu yoyote, ila abaki kwa swala na wanyama wa ukubwa huo. Wamarekani nao wamezitumia zote mbili tangu miaka ya 1950 kwa kulungu wao wa mkia mweupe.

Shotigani? Najua wengi tayari wanayo nyumbani kwa ajili ya ulinzi, na wanaona ni hasara kununua nyingine. Marisau, zile chembe ndogo za risasi zake, ni ya kanga na kware. Ukimfyatulia swala aliye mita 80, ataondoka nayo mwilini.

Dukani, hakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha uombe ruhusa ya kuijaribu begani, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Fumba macho, ilete begani, fumbua. Jicho likikuta darubini imejaa mwanga, kitako kinakufaa. Ikiwa unalazimika kunyoosha shingo kutafuta picha, iache, hata kama bei imeshuka. Darubini yenyewe usiibanie fedha, ila haihitaji kuwa ya kuvuta mbali: kwenye miombo mara nyingi unafyatua ndani ya mita 150.

Vibali vianze kabla ya duka. Maombi ya kumiliki silaha yanaanzia serikali ya mtaa wako na kupanda hadi polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni ya kuwinda ni jambo jingine kabisa, na bila hiyo wewe ni jangili, hata bunduki yako iwe na karatasi zote. Na kwa wale wanaosema "tunashuka Selous tu": sehemu kubwa ya pori hilo ilimegwa 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo hakuna kuwinda.

Kabla ya kulipa, uliza risasi za mtobo huo zinapatikana hapa mjini mwaka mzima au zinaagizwa. Bunduki nzuri isiyo na risasi za mazoezi itakuacha mgeni vilevile. Tenga fedha za risasi tangu mwanzo, uende uwanja wa shabaha ufyatue ukiwa umeketi, umepiga goti, umeegemea mti, hadi kila risasi ya mita 100 iingie ndani ya duara la kisahani cha chai.