Bloki ya kung'aa ao bloki ya kufanya kazi

Kuna kituo kimoja cha afya pembeni ya Goma, jina naiacha, wamepata feza ya kufungua chumba cha upasuaji, ndiyo tunaitaka bloki, na sasa wakubwa wamegawanyika. Wamoja wanasema tungoje, bloki ijengwe na kanuni zote ao isijengwe kabisa. Wengine wanasema fungueni hata kesho, wamama wanafia njiani. Mimi nimefanya miaka mingi mu sterilizasio, kule wanauwaka vijidudu ku vyombo vya upasuaji, ndiye ule mtu wa huku nyuma mwenye hamumuonake, kwa hiyo acha na mimi niseme yangu.

Hawa wa "tungoje" musiwacheke. Goma ni mji wa vumbi, lava ya 2002 magari yanaisaga mpaka leo na inaingia kila dirisha, na mu bloki joto ikizidi kidogo tu kuna mtu atafungua dirisha, basi imekwisha, vumbi iko juu ya meza. Ndiyo maana kanuni zinaomba hewa ya kuchujwa, ibadilishwe mara 15 mpaka 20 kwa saa, isukume kutoka ndani kwenda inje, tena vyombo safi na vichafu visipite njia moja. Kidonda ya sezariene (kupasua mama ili mtoto atoke) ikioza mama analala majuma, famille inauza mbuzi na bado deni. Lakini wanazidishaka pia. Wengine wanaomba ule mtambo wa bei kali wenye unateremsha hewa wima juu ya mugonjwa, na OMS (Shirika la Afya Duniani) ilisha sema tangu 2016 kama hata kwa operesheni za kubadilisha kiungo kama goti ao nyonga musiuweke eti ndio upunguze infeksio. Hiyo feza inunue tanki ya maji.

Wa "fungueni" nao wana yao na nzito. Mama mwenye anatoka damu kisha kuzaa anaweza kuisha ndani ya masaa mbili, sasa umutoe mu mji mdogo wa Sake usiku, na mvua, na mtu wa pikipiki mwenye anaogopa njia, atafika kweli? Kanuni nzuri haimusaidie mwenye hakufika.

Penye nakasirikia wote ni hapa: hakuna hata mumoja mwenye aliuliza habari ya otoklavu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu ku vyombo! Wanaongea lampa, wanaongea meza ya kupanda na kushuka. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu inachemka ku digri 95 hivi, kwa hiyo kuchemsha vyombo mu sufuria ni kuviosha na maji ya moto tu. Na otoklavu yenyewe inadanganya, juu mshale wa presha yake ikifika bar 1, kule chini ku bahari ni digri 120, huku kwetu hewa ni nyepesi inakuwa 118 hivi, lazima upandishe mpaka karibu bar 1.2 ndiyo 121 yenye inatakiwa ifike. Kitabu ya mashine haikuandikiwa Goma. Nilifanya vile wakati murefu bila kujua, mpaka dada mumoja akaleta vile vikaratasi vya kuweka ndani ya pakiti, vyenye vinageukaka rangi kama joto ilitosha, na rangi ikakataa kugeuka. Siku ile sikula.

Kisha oksijeni. Konsantrateri, mashine ya kutoa oksijeni mu hewa, ile ya litre 5 kwa dakika, inakula wati 350 hivi, si mingi, lakini umeme ukienda inanyamaza papo hapo, kama hakuna chupa ya oksijeni pembeni, yenye imejaa (si ile ya kupamba kona), muko na mugonjwa amelala na hana hewa. Januari 2025 umeme na maji vilikatika mji karibu wote, na majeruhi wa vita wakajaa mu hospitali ya Ndosho. Mimi mwenyewe, siku ingine, mahali pengine, nimeshika tochi ya telefone mpaka sezariene ikashonwa.

Kitu ya bei rahisi kupita yote ni cheklisti ya OMS ya usalama wa upasuaji, ukurasa moja, maswali 19. Waliipima mu hospitali 8 za dunia, moja ni Ifakara kule Tanzania, matokeo yakatoka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa mia. Ila nenda uone enfirmie (muuguzi) kijana akimuambia dokta mukubwa "simama kwanza, tuhesabu komprese", vile vitambaa vya kufuta damu. Hapo karatasi pekee haitoshe.

Kwangu mimi wafungue, lakini kwa sezariene na kutoka damu tu, hernia zingoje. Chupa mbili zimejaa, oksimeta ku kidole (ya kupima oksijeni mu damu), maji ya siku tatu, mazutu (dizeli) ya jenereta yenye hakuna mutu anagusa kwa gari ya bosi. Na kama hakuna mwenye alisomea anestezi, kulaza mugonjwa na dawa, na anakaa karibu usiku, hapo niko na wa "tungoje", mlango ubakie na kufuli.

Budjeti yao nilionyeshwa, kurasa sita. Rangi ya ukuta iko, mapazia yako. Fundi wa kutengeneza mashine zikiharibika, hata mustari moja.