El Niño haina ratiba ya basi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina moja, mtoa mada akaweka slaidi ya joto la Pasifiki, data ya miaka mia na ushee, akapiga Fourier, hesabu inayotoa mapigo yanayojirudia kwenye data, kikatokea kilima kwenye grafu karibu na miaka 4, basi akatangaza El Niño, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, inarudi kila miaka 4 na mkulima apange vuli yake kwa hesabu hiyo. Watu wakaandika kwenye madaftari. Roho iliniuma na bado inaniuma.

Jamani, El Niño inarudi baada ya miaka 2 mpaka 7, na hata hiyo inabadilika. Watafiti Torrence na Compo walishaonyesha tangu 1998: kati ya 1880 na 1920 ilikuwa na nguvu, 1920 mpaka 1960 ikapoa, 1960 mpaka 1990 ikapamba moto tena. Fourier inatwanga yote kwenye kinu kimoja, inakuambia mapigo gani yamo, haikuambii yalipigwa lini, ni kama mtu aliyekesha ngomani anakupa orodha ya midundo halafu hakumbuki ipi ya jioni na ipi ya alfajiri ngoma ilipokolea.

Unaweza kukata data vipande, sawa, ila kipande, yaani dirisha, kikiwa kifupi mzunguko mrefu hauenei, kikiwa kirefu unapoteza lini pigo lilipigwa. Ndiyo maana naipenda weveleti, hesabu inayoonyesha mapigo gani na lini, ya yule mhandisi Mfaransa Jean Morlet aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhi kutafuta mafuta: dirisha linajibana kwa mapigo ya haraka, linatanuka kwa ya polepole. Jioni ile niliipitisha data ileile. Katikati ya picha pamepauka, mapigo dhaifu, miaka ya 80 na 90 pamewaka wekundu, mapigo yenye nguvu, na pembeni kabisa nikapafunika kwa sababu huko data imeisha, hapaaminiki.

Haya, kwa maji kupwa na kujaa Fourier inatosha, mwezi una saa zake, 12 na dakika 25. Na weveleti nayo inazusha madoa hata kwenye namba za kubahatisha, ukipima kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 tegemea nukta 5 kwa kila 100 ziwake bure, kwa hiyo pima kabla hujasema.

Lakini mkulima msimpe ratiba. Vuli ya 2019 mvua zilituzamisha na Pasifiki haikuwa na El Niño ya maana, ilikuwa joto la Bahari ya Hindi hapa hapa kwetu. Picha nimemtumia mtoa mada, nasubiri anijibu.