Kilo moja ya unga kwa gari linalowaka: inafaa au haifai?

Wenye magari wengi Tanzania hununua mtungi wa zimamoto, ule wenye unga wa kuzimia moto, kwa sababu trafiki atauulizia, kama atakavyoulizia pembetatu. Hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wanaosema mtungi wa kilo moja ni fedha iliyotupwa, kwani gari likishika moto halizimiki kwa kitu kidogo namna ile. Wapo wanaotaka kila gari liwe nao, na asiyekuwa nao aadhibiwe zaidi. Hata nje sheria zinatofautiana: Poland na Ubelgiji humlazimisha mwenye gari dogo la binafsi kubeba mtungi, Uingereza na Ujerumani hazimlazimishi.

Wanaoudharau wana hesabu upande wao. Mtungi wa kilo moja huisha kwa sekunde 8 hadi 10 hivi. Unga wa mitungi ya ABC (yaani ya kuzimia moto wa vitu vikavu, vimiminika na gesi), ambao sehemu kubwa ni fosfati ya amonia, hukata mwako lakini haupozi chuma, kwa hiyo petroli inayoendelea kuvujia eksozi ya moto itawaka tena unga ukishatua. Betri ya lithiamu ya gari la umeme ikianza kuungua ndani kwa ndani, unga hauifikii kabisa. Kubwa zaidi, mtu mwenye mtungi mkononi hushawishika kubaki karibu na gari wakati alipaswa kuwa mita 30 kutoka hapo.

Lakini hesabu hiyo ni ya moto uliokwisha kukua. Moto wa gari mara nyingi huanzia padogo: waya wa redio au taa za ziada uliounganishwa bila fyuzi, terminali ya betri iliyolegea, mpira wa petroli uliopasuka kwa uzee, oili inayodondokea eksozi. Ukiwahiwa dakika ya kwanza, kilo moja inaumudu. Tena sekunde 8 zinaweza kutosha kumfungua mkanda mtoto aliye kiti cha nyuma na kumtoa. Kwangu hoja hiyo peke yake inaupa mtungi nafasi garini, na kama bei inaruhusu, chukua wa kilo 2.

Kinachonisikitisha ni ukaguzi unaoishia kwenye maswali mawili: mtungi upo, na kadi yake ya ukaguzi ina tarehe gani? Mtungi uliofukiwa chini ya mizigo kwenye buti unajibu yote mawili, na haumsaidii mtu yeyote. Uliolala bila kufungwa chini ya kiti cha dereva ni hatari zaidi, maana ukibingirika unaweza kukwama chini ya pedali ya breki. Ufungwe kwa kishikio cha chuma sakafuni, mbele ya kiti cha abiria, dereva aweze kuufikia akiwa ameketi. Usiuweke juu ya dashibodi. Mitungi mingi imeandikwa kikomo cha nyuzi joto 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kuvuka hapo. Kwa sababu hiyohiyo mtungi wa hewa ya ukaa haufai ndani ya gari dogo: shinikizo lake hupanda sana kwa joto, na gesi yake hufukuza oksijeni kwenye nafasi finyu.

Kuwa na mtungi si hakikisho kwamba utafanya kazi. Novemba 2017 kampuni ya Kidde iliita irudishwe mitungi yake zaidi ya milioni 37 nchini Marekani, yenye vishikio vya plastiki au ya kubonyeza, kwa kuwa ingeweza kuziba au kudai nguvu nyingi mno kuifyatua. Kifo kimoja kilichotajwa, cha mwaka 2014, kilitokana na moto wa gari baada ya ajali. Ukinunua, tafuta kichwa cha chuma.

Mafundi wanabishana kuhusu kuutikisa mtungi. Kundi moja linasema mtikisiko wa barabara hushindilia unga chini hadi mdomo wa mrija wa ndani unaziba, ukifyatua itoke gesi tupu. Jingine linajibu kwamba unga wa siku hizi hutiwa silikoni ili usigandamane. Mimi naona kuugeuza kichwa chini mara moja kwa mwezi, ukiupigapiga kitako hadi usikie unga ukiteremka, hakugharimu kitu. Pamoja na hilo upime kwenye mizani ya dukani, ulinganishe na uzito kamili ulioandikwa kwenye lebo. Geji huonyesha shinikizo tu. Haijui kama unga umepungua.

Ukienda kuujaza, simama uone. Mtungi ufunguliwe, ukaushwe, oringi (mpira wa duara unaozuia gesi isivuje) ibadilishwe, utiwe unga wa aina ileile, kisha naitrojeni. Anayejaza kwa upepo wa kompresa ya gereji anaingiza unyevu, na unyevu hugandisha unga.

Moto ukitokea, zima injini, vuta breki ya mkono, toa watu. Vuta kifyatulio cha boneti lakini usiinue boneti, kwani utaupa moto hewa. Ng'oa pini, simama ubavuni mwa gari upepo ukiwa mgongoni, kwani vijiti vya gesi vinavyoshikilia boneti vinaweza kuruka vikipata joto, kisha puliza kupitia upenyo ukilenga shina la moto. Gari la gesi asilia lina sharti lake: zima swichi na funga valvu ya tangi kama inafikika salama. Gesi isipozibika, usiuzime mwali wake, maana itajikusanya na kulipuka. Unga ukiisha na moto ungalipo, ondoka.

Mtungi uliofyatuliwa hata sekunde moja upelekwe kujazwa siku hiyohiyo. Chembe za unga hubaki kwenye valvu, gesi huvuja polepole, na siku chache baadaye geji itakuwa imelala.