"Jikaze" siyo maandalizi

Juzi mdogo wangu, mimba yake ina wiki 34 sasa, kaandika kwenye grupu letu la familia kwamba anataka kuzaa hospitali ila bila ganzi ya mgongo wala sindano ya maumivu, sasa anauliza ajiandae vipi. Majibu yakaja chapchap. "Jikaze." "Usipige kelele utaishiwa nguvu." "Sisi tulizaa na hatukumuuliza mtu." Shangazi mmoja ambaye nampenda sana akamwambia uchungu ni wa siku moja tu, atausahau. Nikaweka simu pembeni maana ningejibu vibaya, ndo nimekuja kuandika hapa.

Mimi nimezaa mara mbili bila dawa ya maumivu. Mara ya kwanza maandalizi yangu yote yalikuwa hilohilo neno, jikaze. Nilienda mapema mno, nikapimwa njia nikaambiwa imefunguka sentimita 3, nikalala chali kitandani, walionileta wakaambiwa wabaki nje. Jamani, maumivu ya siku ile yamefifia kweli, shangazi hajadanganya, ila upweke ule mpaka leo ninao. Nesi alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi, simlaumu hata kidogo, lakini kila uchungu ukija natafuta uso wa mtu wa kuniangalia siupati. Basi nikakaza meno, nikakaza mabega, nikakaza mpaka vidole vya miguu kama nilivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukikaza mwili hivyo maumivu yanazidi, na kwamba hofu yenyewe inaweza kuchelewesha njia kufunguka.

Mara ya pili niliingia leba na dada yangu mkubwa. Niliuliza kliniki mapema kama wanaruhusu, waliponikatalia nikahamia hospitali nyingine inayoruhusu, na najua siyo kila mtu ana pa kuhamia. Dada siyo mkunga, hajasomea chochote. Ila miezi miwili kabla tulikuwa tunafanya mazoezi sebuleni, mimi nimepiga magoti nimeegemea kiti, yeye anakandamiza kiganja pale chini kabisa ya mgongo, namwambia hapo, panda kidogo, kandamiza zaidi, mpaka mkono wake ukajua njia wenyewe. Siku ilipofika hakuuliza. Uchungu ukianza kupanda mkono uko mgongoni, ukishuka ananipa maji, ananikumbusha nikakojoe, ananiambia teremsha mabega, fungua mdomo, toa pumzi ndefu. Na nilipiga kelele, tena sana, sauti nzito ya kutoka tumboni, dada ananiambia endelea hivyohivyo.

Halafu kuna ule muda karibu na kusukuma, waliozaa mnaujua, unatetemeka, unatapika, unasema siwezi nataka dawa nataka nyumbani. Mara ya kwanza nilidhani nakufa. Mara ya pili nilisema maneno yaleyale, dada akanishika uso akaniambia mdogo wangu, hapa ndo pale tulipopasoma, njia inakaribia kumalizika. Akamwita mkunga, nikapimwa, kweli imebaki kidogo sana. Kwangu mimi hiyo sentensi yake ilifanya kazi ambayo sindano ingefanya.

Na siyo mimi tu nasema. Kuna uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, majaribio 26, wanawake zaidi ya 15,000 kwenye nchi 17, ukaonyesha wanaokuwa na mtu wa kuwasaidia muda wote wa uchungu wana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, wanatumia dawa za maumivu kidogo zaidi na uchungu wao unakuwa mfupi kiasi. Shirika la Afya Duniani kwenye mapendekezo yake ya 2018 linasema kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Sasa kwa nini bado tunawaingiza mabinti zetu peke yao na neno moja mdomoni? Naambiwa wodi ni ya pamoja, mtu wa nje ataona wenzako. Sawa, hilo lina uzito, siwezi kulikataa. Lakini pazia linaweza kufungwa, na anayeingia anaweza kuwa mwanamke.

Mengine ni mafupi. Tembea, chuchumaa, usilale chali kama hali yako ni nzuri na mkunga hajakukataza. Kula kidogo na kunywa ukiruhusiwa. Usivunjike moyo ukiwa sentimita 4 kwa masaa mengi, mapendekezo hayohayo ya 2018 yanahesabu uchungu uliochanganya kuanzia sentimita 5, na hiyo habari ya kila saa sentimita moja haimhusu kila mtu.

Kitu kilichonitisha ni mdogo wangu kuongeza kwamba hataki sindano yoyote kabisa. Hapana. Ile oksitosini yuniti 10 unayochomwa mtoto akishatoka siyo ya maumivu, ni ya kulifanya tumbo la uzazi libane usivuje damu, na kuvuja damu baada ya kuzaa kunaua wanawake ambao saa moja nyuma walikuwa wazima. Hiyo chukua bila kujadiliana, wala haipunguzi chochote kwenye uzazi wako wa bila dawa.

Na ndiyo, ganzi inasaidia. Inaniwia ngumu kuliandika hili maana nimetetea upande huu miaka, lakini uchungu ukivuta siku nzima, au ukiwekewa dripu ya kuongeza uchungu na ukaja mkali mfululizo bila kupumzika, ukabadilisha mawazo, hujashindwa kitu. Nimemwambia mdogo wangu hivyo moja kwa moja na nikamwomba aseme mwenyewe kwa mdomo wake, nisikie.

Jana usiku kanipigia. Kliniki wamemwambia mtu mmoja anaruhusiwa, awe huyohuyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna kupokezana. Kaniuliza kama naweza kuwa mimi. Jumamosi naenda kwake, tunaanza na mgongo.